Koti la harusi msimu wa kaskazi: uliza kitambaa kabla ya rangi

Februari iliyopita, kwenye nikaha ya mpwa wangu hapa Mombasa, stima zilipotea khutba ikiwa katikati. Pangaboi zikapunguza mwendo, zikasimama. Msikiti ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Dakika chache za mwanzo hakuna aliyejali, maana sisi watu wa Pwani joto tumezaliwa nalo. Kisha nikamwona ami yangu, mzee wa miaka 78, ameinamisha kichwa huku mkono wake unapapasa kifungo cha koti bila kukifungua.

Tulimtoa nje mimi na vijana wawili. Tukamkalisha barazani, tukamvua koti, tukampepea, tukamnywesha maji kidogo kidogo. Baada ya kama nusu saa uso wake ulirudi hali yake, akaanza kuuliza kama halua imebaki. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini koti lake lilikuwa mkononi mwangu. Kwa ndani lilikuwa limelowa chepechepe kana kwamba limetolewa kwenye beseni. Kwa nje lilikuwa kavu.

Koti hilo nilimnunulia mimi, zawadi ya Idi. Nililichagua kwenye duka lenye kiyoyozi kwa kuangalia rangi tu: buluu iliyoiva, inang'aa kidogo, inapendeza juu ya kanzu nyeupe. Sikuuliza limeshonwa kwa kitambaa gani, na muuzaji hakuniambia. Siku ile ya nikaha ndipo nilipopekua kibandiko cha ndani nikasoma: nje poliesta asilimia 100, bitana poliesta asilimia 100. Nilikuwa nimemvisha mzee wangu mfuko wa plastiki wenye kola.

Sasa harusi ya binti yangu ni Januari, kaskazi ikiwa imekolea. Ami ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wetu, na atakaa ubavuni mwangu nitakapomwozesha mtoto. Ameshatangaza kwamba atavaa koti lile lile. "Zawadi ya mwanangu siiachi kabatini iliwe na nondo," alisema, na mtu habishani na ami yake. (Baadaye nilijifunza kwamba nondo hana haja na poliesta. Nitafika huko.)

Kwa hiyo miezi miwili hii nimekuwa mwanafunzi wa vitambaa. Nimekaa kwa fundi wangu wa cherehani, nimezunguka maduka ya Biashara Street, nimepekua marundo ya mitumba Kongowea. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu. Msimu wa harusi unakuja, na kila nyumba ina mzee, bwana harusi au kijana anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi ambaye lazima avae koti kwenye joto.

Zamani tuliuliza kitambaa kwanza

Kuna wanaosema koti ni vazi la Wazungu na dawa yake ni kuliacha. Siwalaumu, lakini naona wamechelewa. Koti juu ya kanzu ni vazi letu la heshima kwa vizazi sasa, kuanzia Lamu hadi Unguja, na hata Waganda huvaa vivyo hivyo kwenye shughuli zao. Kabla ya koti kulikuwa na joho, na joho ni vazi zito kuliko koti lolote: neno lenyewe ni jina la kitambaa kizito cha sufu. Maofisini nako koti halijaondoka. Mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na suti za Kaunda ndizo nguo nadhifu ambazo angalau hazidai tai. Koti lipo, basi. La kujadili ni tulivae vipi bila kuumia.

Jambo moja lilinigusa nilipokuwa nazungumza na wazee juu ya nguo za zamani. Wao hutaja nguo kwa jina la kitambaa. Watakwambia kanzu ya doria, kanzu ya melimeli, shuka ya merikani, kaniki, bafta. Merikani ilipata jina lake kwa sababu karne ya 19 pamba hiyo isiyopaushwa ililetwa na meli za Marekani. Mtu alijua anachovaa kimefumwa kwa nini na kina unene gani, kisha ndiyo akafikiria rangi na mshono. Sisi tunataja rangi na jina la kampuni, basi. Ujuzi ule tumeuachia njiani, na mimi ami yangu aliulipia.

Kwa nini koti la Nairobi linatuumiza

Makoti mengi yaliyo madukani kwetu yameletwa kwa kufikiria Nairobi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, asubuhi na jioni kuna baridi, na koti lililofungwa kila upande ni faraja. Mombasa msimu wa kaskazi mchana hufika nyuzijoto 32 au 33, na usiku bado ni kama 24. Lakini tatizo kubwa hapa ni unyevu kuliko hata hizo nyuzijoto.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Likibaki limelowa au likichuruzika, halikusaidii kitu. Hewa yetu ya Pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hukauka polepole hata ukiwa umevaa shati jepesi. Ukiongeza koti, hewa iliyo kati ya koti na mwili hujaa mvuke mara moja. Isipopata njia ya kutoka, jasho haliwezi kukauka tena, na mwili unazidi kutoa jasho jingine bila faida. Hilo ndilo fukuto lililompata ami. Kwa wazee hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa umri ukisogea mwili hutoa jasho kwa shida na kiu huchelewa kuhisika.

Kwa hiyo koti la Pwani lina kazi mbili: kunyonya mvuke unaotoka mwilini, na kuuacha upite nje. Kila swali utakalomuuliza muuzaji au fundi lirudi kwenye hayo mawili.

Nyuzi na tabia zake

Wataalamu wa nguo hupima unyevu ambao uzi hushika ukiwekwa kwenye hewa ya kawaida. Sufu hushika takriban asilimia 16 ya uzito wake, kitani 12, hariri 11, pamba 8. Poliesta haifiki hata 1. Hesabu hizo peke yake zinaeleza kwa nini koti la ami lilikuwa ziwa kwa ndani na jangwa kwa nje: jasho halikuwa na pa kuingia.

Kitani ndicho kitambaa cha joto kwa asili yake. Kinatoka kwenye shina la mmea, nyuzi zake ni ndefu na ngumu, hazilali kwenye ngozi. Ukikigusa ni baridi mkononi. Kinanyonya haraka na kukauka haraka. Aibu yake ni mikunjo: ukikaa mara moja tu, mgongo na viwiko vimejikunja. Wapo wanaopenda sura hiyo, hasa vijana. Wapo wanaoiona kama dharau. Kitani kilichochanganywa na pamba au sufu kidogo hujikunja kwa kiasi cha kuvumilika.

Pamba tunaijua. Kaunti ya Lamu inailima, na Hola iliwahi kuilima kwa umwagiliaji. Ni laini, bei yake ni nafuu, inafulika nyumbani. Kwa koti ina kasoro mbili. Inanyonya jasho vizuri lakini inachelewa kukauka, kwa hiyo likishalowa linakuwa zito. Pili, pamba ya koti mara nyingi hufumwa nene na kukazwa kama ya suruali ya kazi, na hapo faida yote inapotea. Pamba nzuri kwa koti ni ile nyepesi iliyofumwa wazi.

Sufu ndiyo iliyonishangaza. Nilipomtajia fundi, alinitazama kama aliyeniona nimevaa gambuti ufukweni. Ukisema sufu, sote tunafikiria blanketi na sweta. Lakini ipo sufu ya nchi za joto: uzi mwembamba uliosokotwa kwa nguvu sana kisha ukafumwa kwa nafasi, mpaka ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Inashika mvuke mwingi kuliko zote bila wewe kuhisi umelowa. Na kwa kuwa uzi wake una uchangamfu, ukiukunja unarudi wenyewe. Mtu anaweza kukaa kwenye mkeka saa mbili, akainuka, koti likawa bado lina heshima. Kasoro yake ni bei ikiwa mpya, na haitaki kufuliwa ovyo.

Hariri peke yake ni ya mwenye nazo, na jasho huiachia madoa. Ikichanganywa na sufu au kitani huongeza ulaini na mng'ao, basi.

Poliesta sitaitukana tu, kwa sababu ina sababu ya kupendwa. Ni rahisi, haijikunji, haichuji rangi, nondo hana haja nayo, na ukiifua asubuhi mchana imekauka. Mchanganyiko wenye poliesta kidogo, chini ya robo, huweza kuvumilika ikiwa ufumaji uko wazi. Ikizidi nusu, koti hilo liache kwa ajili ya safari za bara.

Viskosi, ambayo wengine huiita reyoni, hutengenezwa kwa miti. Hunyonya unyevu vizuri na huteleza. Kwa koti lenyewe hulegea haraka, lakini kwa bitana ni rafiki mkubwa, kama tutakavyoona.

Ufumaji ni nusu ya kazi

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wanaojua kusoma vibandiko. Pamba asilimia 100 yaweza kuwa melimeli na yaweza kuwa turubai. Uzi ni ule ule, kilichotofautiana ni jinsi ulivyofumwa.

Kitambaa kina nyuzi za mtando zinazokwenda urefu, na za mshindio zinazopita upana. Ufumaji wa kawaida ni uzi mmoja juu, mmoja chini. Huu huacha vijitundu vingi na ndio ufaao kwa joto. Ufumaji wa mshazari, kama wa jinzi, huzibana nyuzi pamoja. Ni imara, unaanguka vizuri, lakini hewa haipiti kwa urahisi. Upo pia ufumaji wa mkeka, ambapo nyuzi mbili mbili hupishana na mbili mbili nyingine. Ukitazama karibu unaona kama ukili uliosukwa. Makoti mengi mazuri ya joto yamefumwa hivyo, kwa kuwa nafasi kati ya nyuzi ni kubwa na bado kitambaa kinasimama.

Kuna kimoja kingine cha kutajwa, kile cha pamba chenye mistari iliyojikunyata, mstari mmoja laini na mwingine wenye vinundu. Kwa Kiingereza kinaitwa seersucker, na jina hilo limetokana na maneno ya Kiajemi ya maziwa na sukari, kwa sababu ya huo ulaini na ukwaruzo kupakana. Siri yake iko kwenye mtando: baadhi ya nyuzi hukazwa na nyingine huachwa zilegee, kwa hiyo zilizolegea hujikunyata. Vile vinundu huinua koti lisigandame na mwili, hewa ikapita chini yake. Kusini mwa Marekani, kwenye joto lenye unyevu kama letu, wanasheria na wafanyabiashara wamevaa suti za kitambaa hicho tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Uzuri wake mwingine ni kwamba hakihitaji pasi. Kwa mahojiano ya kazi nakiona cha mzaha kidogo, lakini kwa harusi ya mchana kinafaa sana.

Uzito nao una nafasi yake. Muulize muuzaji gramu kwa mita ya mraba kama anazijua. Kuanzia kama 180 hadi 260 ni eneo la koti la joto. Usikimbilie chepesi kuliko vyote. Kitambaa chepesi mno hugandama mwilini na kujikunja kama karatasi. Kinachokuwa na uzito kidogo huning'inia mbali na mwili, na ile nafasi ndiyo inayopitisha upepo. Nimejaribu koti zito kidogo lililofumwa wazi na koti jepesi lililofumwa kwa kubana. La kwanza ndilo lililokuwa baridi.

Bitana, adui aliyejificha

Waweza kununua kitani safi kwa bei ya kuuma, ukampa fundi, akakishonea bitana ya poliesta kuanzia kola hadi pindo. Hapo umerudi pale pale. Mvuke utapita nini ikiwa ndani kuna ukuta?

Fundi wangu alinieleza hivi: "Shekhe, koti la Mombasa lishone kama dirisha." Akanionyesha namna tatu. Bitana kamili, ambayo makoti mengi ya dukani huwa nayo. Bitana nusu, inayofunika mabega na mikono, mgongo ukaachwa wazi. Na koti lisilo na bitana kabisa, ambalo mishono yake ya ndani hukunjwa na kuvikwa utepe ili isichanike.

Kwa mvaaji wa kanzu ushauri wake ni ile ya nusu. Mikono inataka bitana, la sivyo mkono wa kanzu utakwama na kujikunja kwapani kila ukivaa. Mabega nayo yanataka, ili koti lianguke sawa. Mgongo hauitaji, na mgongo ndipo jasho linapomwagika. Bitana yenyewe iwe ya viskosi au pamba nyembamba. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya raha.

Mambo mengine matatu ya ndani. La kwanza, kile kitambaa kigumu cha kifuani kinachobandikwa kwa pasi: kikiwa na gundi nyingi huziba kifua kizima, na kwenye joto na unyevu wetu baada ya muda hutoa mapovu. Mwambie fundi aweke chepesi, au akitie kwenye kola na ukingo wa mbele tu. La pili, pedi nene za mabega ni godoro dogo kila upande. Zipunguzwe. La tatu, mipasuo miwili nyuma ni bora kuliko mmoja, kwa sababu ukikaa au ukitembea huingiza hewa.

Na tusisahau kilicho chini ya koti. Kanzu nyingi za siku hizi zinazong'aa ni poliesta tupu. Koti la kitani juu ya kanzu ya poliesta ni sawa na kufungua dirisha na kufunga mlango.

Majaribio manne ya kufanya dukani

Huhitaji maabara. Nenda mchana, na uyafanye haya bila haya.

Mwanga. Inua kitambaa kuelekea dirishani. Ukiona vijitundu vya mwanga, hewa itapita. Ukiona giza, weka chini. Kwa koti lililoshonwa, fanya hivyo pale mgongoni pasipo na bitana.

Pumzi. Bana kitambaa kwenye midomo, puliza, na uweke kiganja upande wa pili. Ukihisi pumzi yako kiganjani, vizuri. Nilimfanyia koti la ami jaribio hili nyumbani, nikapuliza hadi masikio yakaziba. Hakuna kilichopita.

Ngumi. Kunja pembe ya kitambaa mkononi kwa sekunde kumi kisha achia. Kitani kitabaki na makunyanzi, sufu itafunguka yenyewe, pamba itakuwa katikati. Hapo utajua utakuwaje baada ya kukaa kwenye mkeka.

Moto. Hili ni la kufanyia nyumbani au kwa fundi, kwa uzi mmoja au miwili tu, umeshikwa kwa kibano juu ya sahani. Pamba na kitani huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na moto huzimika ukiuondoa. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje nyeusi ngumu. Usiiguse punje hiyo ikiwa moto. Muuzaji akikwambia "hii ni kitani" na uzi ukayeyuka, umeokoa pesa zako.

Kongowea na vibandiko vya kigeni

Makoti bora ya joto niliyoyaona mwaka huu sikuyaona kwenye duka lenye kioo. Niliyaona kwenye mitumba. Ulaya wana majira ya joto, na makoti yao ya majira hayo huja kwenye marobota pamoja na ya baridi. Muuzaji mwingi hatofautishi. Kwake koti ni koti, na lile lisilo na bitana wakati mwingine huuzwa rahisi kwa kudhaniwa limeharibika.

Shida ni kwamba vibandiko vimeandikwa lugha zao. Jifunze maneno machache. Kwa Kiitaliano lana ni sufu, lino ni kitani, cotone ni pamba, seta ni hariri. Kwa Kifaransa ni laine, lin, coton na soie. Kwa Kijerumani ni Wolle au Schurwolle, Leinen, Baumwolle na Seide. Bitana huandikwa peke yake: fodera kwa Kiitaliano, doublure kwa Kifaransa, Futter kwa Kijerumani. Soma vyote viwili, cha nje na cha ndani. Kibandiko kikuu mara nyingi kimejificha ndani ya mfuko wa kifuani.

Usihukumu koti kwa ukubwa wa tumbo. Fundi hupunguza ubavu na mikono kwa urahisi. Mabega ndiyo magumu, hayo lazima yakukae tangu mwanzo. Kagua kwapa na kola: rangi ikiwa imepauka au kitambaa kimekauka kwa jasho la mtu wa kwanza, hakitarudi.

Rangi, na kulitunza koti

Sasa ndiyo rangi. Nyeusi hunyonya jua, na kama utasimama nje kwenye maulidi au kusindikiza bwana harusi kwa miguu utaona tofauti. Ndani ya ukumbi tofauti ni ndogo. Rangi ya mchanga, kijivu hafifu na buluu isiyoiva huvumilia jua, na hazionyeshi jasho upesi kama kijivu cha wastani.

Ukinunua kitambaa cha kitani au pamba ili kishonwe, kiroweke majini na ukianike kabla ya kukatwa, kwa kuwa kitarudi. Koti lililorudi baada ya kushonwa halina dawa. Koti moja la mtu wa kawaida huhitaji takriban mita mbili za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu. Kwa kitani ongeza kidogo kwa ajili ya huko kurudi.

Baada ya shughuli usilitie koti kabatini likiwa na jasho. Litundike kivulini penye upepo usiku mzima. Usilifungie kwenye mfuko wa nailoni wa dobi, maana kwa unyevu wetu litaota ukungu. Kuhusu nondo: wanaokula sufu ni viwavi vyake, na huvutwa na jasho na madoa. Karafuu kabatini inanukia vizuri, lakini koti safi ndiyo kinga ya kweli.

Koti la ami

Nilianza kwa kumpelekea kitani. Nilivaa langu mwenyewe ili alione. Alilitazama kuanzia bega hadi pindo, akauliza kwa upole, "Mwanangu, umelala nalo?" Nikajua kitani kimeanguka mtihani.

Wiki mbili baadaye nililipata Kongowea, chini ya rundo la majaketi ya baridi. Kibandiko: lana 100, fodera ya viskosi. Rangi ya mchanga, ufumaji wa mkeka, ukiliinua unaona taa. Nililipa shilingi 800. Fundi alichukua 1,200 kuondoa bitana ya mgongo, kupunguza pedi za mabega na kufupisha mikono. Jumla haikufika nusu ya bei ya lile la buluu.

Wiki iliyopita nilimvisha ami juu ya kanzu ya pamba, saa nane mchana, tukakaa barazani kwake bila feni. Akanywa kahawa, akala kashata, akanisimulia kisa ambacho nimeshakisikia mara ishirini. Dakika 45 zilipita. Nikamwomba niliguse koti kwa ndani. Kolani palikuwa na unyevu. Mgongoni pakavu. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau kwamba amelivaa.

Hata hivyo sijidanganyi. Hakuna kitambaa kinachofanya kazi ya dirisha. Siku ya nikaha nimemtengea ami kiti karibu na mlango, kijana mmoja amepewa chupa ya maji na kazi ya kumtazama yeye tu, na tumekubaliana kwamba stima zikipotea koti linavuliwa bila mjadala. Heshima ya mzee haiko kwenye kifungo. Nawaomba wenye shughuli msimu huu nao wafanye hivyo kwa wazee wao.

Lilibaki lile koti la buluu. Ami alikataa katakata kulitoa. Mjukuu wake anasoma Nairobi, na mwezi wa Julai anataka kupanda treni ya SGR kumtembelea. Nimesikia Nairobi mwezi wa Julai mtu hutoka asubuhi na mvuke kinywani. Koti limeshatundikwa, limepigwa pasi, linasubiri. Zawadi haikutupwa, imepata mji wake.